Kuchagua Programu kama Mtamba

Sauti yangu ilikuwa inajulikana toka Butiama mpaka Suguti. Sijisifu, nasema kilichokuwepo. Nikiita mbuzi wangu jioni, na wa jirani walikuwa wanakuja. Kwa hiyo daktari wa Musoma aliponiambia lile rovu la shingoni litolewe, na kwamba likishatolewa sauti inaweza ikabadilika, nilimuuliza itabadilika iwe ya nani. Aliandika kitu kwenye karatasi.

Rovu lenyewe nilikuwa nimekaa nalo miaka mingi bila ugomvi. Lilianza kama punje ya karanga, likawa limau, likafika mahali shanga hazifungi tena. Lakini sasa nikilala chali lilikuwa linanikaba. Daktari akanipangia Jumatatu moja, wiki nne mbele. Na mwezi mmoja baada ya Jumatatu hiyo, mjukuu wangu wa kike, yule mwalimu wa sekondari kule Bunda, alikuwa anaolewa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika ukoo wetu binti akitoka nyumbani kwenda kwa mume, anaimbiwa mlangoni wimbo wake mwenyewe. Siyo wimbo wa kila mtu. Anatungiwa yeye, humo yanawekwa mambo yake toka utoto, ya sifa na ya aibu, naye anausikia kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo, amesimama kizingitini. Akiusikia kabla, amekula kiporo cha harusi yake. Wanaume nao hawausikii mpaka siku yenyewe, maana mwanaume hajui kunyamaza. Anaimba mwanamke mmoja, wenzake wanaitikia maneno yaleyale ya siku zote. Huyo mmoja, kwa miaka zaidi ya thelathini, ni mimi.

Wakasema nimfundishe mwingine. Mke wa shemeji yangu akaja kujitolea. Ni mama mzuri, ugali wake hauna mabonge. Ila akiimba utadhani mtu ananoa jembe kwenye jiwe. Nilimwambia hivyohivyo alivyouliza, tukakaa wiki mbili bila salamu.

Mjukuu mwenyewe ndiye alileta wazo la kunirekodi. Alisema siku ya harusi tutaweka spika mlangoni, nitaimba huku koo langu limepumzika. Tukaanza na simu yake. Niliimba wimbo wa palizi, siyo ule wake, na katikati akapiga mama mmoja wa kanisani anauliza habari za viti vya kukodi. Tulipousikiliza, nilikuwa kama mtu aliyetumbukia kisimani anaomba kamba. Nikakataa. Sauti ya kuagia mtoto haiwezi kukaa kwenye kitu kinachopigiwa na watu wa viti.

Basi akasema tutafute programu ya kurekodia, wanayotumiaga watu wa muziki, tuiweke kwenye laptopu yake. Ziko nyingi sana, na yeye hakujua hata moja, anafundisha baiolojia. Akasema, "Bibi, itabidi tuchague."

Aliposema kuchagua, nikakaa sawasawa. Shule niliiacha darasa la tatu lakini kuchagua najua. Marehemu mume wangu hakununua mtamba hata mmoja bila mimi kwenda naye mnadani. Ng'ombe jike ambaye hajazaa ni kama fumbo, dalali anaweza kukuambia chochote. Dalali akisifia pembe, we chungulia chini, chuchu ziko mbili badala ya nne. Mtamba unamzungusha. Unakaa naye mpaka apate njaa, uone tabia yake. Na muhimu kuliko yote, unamuuliza jirani wa muuzaji, siyo muuzaji. Nikamwambia mjukuu wangu, wewe utabonyeza, mimi nitachagua.

Wa kwanza kumwendea alikuwa mpiga kinanda wa kwaya, anakaa Mwisenge. Tulipanda bodaboda mbili tukamkuta chumbani kwake, kuta zote amegandika trei za mayai kuanzia chini mpaka juu. Nikamuuliza kuku wako wapi. Akasema hana kuku, hizo ni za kumeza mwangwi. Nikanyamaza, maana kwa mtu usianze na ugomvi kabla hujapewa chai.

Akafungua programu yake. Nikaona vifundo, taa, vibao vya rangi, mishale inapanda inashuka, mengine yanapepesa kama macho ya mlevi. Akasema hii inafanya kila kitu. Ndiyo pembe hizo, nikawaza. Akaniambia niimbe kidogo, akabonyeza mahali, kitu kikaanza kugonga: tik, tik, tik, tik.

"Nani huyo ananihesabia?"

"Ni ya kukuweka kwenye mwendo, Bibi. Usitoke nje."

"Mwendo ninao toka mama yako hajaolewa. Mzime."

Hakumzima, alimpunguza. Nikaimba na yule mgonga mlango akinikimbilia nyuma. Nikiongeza hatua, yeye yuko palepale, nikipunguza, ananisukuma. Hata hivyo sauti ilitoka nzito na safi, nikasikia hata pumzi yangu, na hiyo sikuificha, niliipenda. Akatuwekea programu kwenye flashi. Akasema ni ya kujaribu, mkiipenda mtanunua.

Hilo nililielewa kuliko yeye. Kwetu mtu anaweza kukupa ng'ombe wake ukae naye. Unamchunga, unamkamua, siku mwenyewe akimtaka unamrudisha. Ni jambo la heshima. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Wa pili alikuwa mtaa wa Mukendo, kijana mmoja anayeingiza nyimbo kwenye simu za watu, kibanda chake kinapiga kelele kutwa nzima. Yake alisema ni nyepesi na inamfaa anayeanza, maana inajitengenezea biti na inakurekebisha sauti yenyewe. Nikaimba mstari mmoja wa pambio. Akabonyeza, akaniwekea masikioni hedifoni, akakunja mikono kama mtu aliyekamata samaki mkubwa. Nikasikia msichana analia ndani ya bomba la bati.

Nikamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Si wewe, Bibi. Ila umenyooshwa."

Nikamwambia mwanangu, mimi nimezaa watoto saba, nimenyooka vya kutosha. Nikamrudishia hedifoni zake.

Ya tatu mjukuu aliipata kwa mwalimu mwenzake wa Bunda, anayerekodi matangazo ya shule. Ni ya bure. Akaifungua, nikaona uwanja wa kijivu kama nyumba isiyopigwa lipu, kitufe chekundu kimoja na vingine vichache vimekaa kama vinaona aibu. Nikamwambia ng'ombe wa bure mwangalie meno. Nikasema tuchukue ile ya Mwisenge.

Hilo ni kosa langu, naliandika mwenyewe kabla hajaliandika mtu mwingine. Nilichagua pembe.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Jumatatu ya daktari tukajifungia kwangu, nje kidogo ya Butiama. Na hapo tukagundua jambo ambalo watu wawili wazima tulikuwa hatujaliona muda wote huo. Mimi siwezi kuiendesha kompyuta. Anayeweza ni yeye. Na yeye ndiye bibi harusi, haruhusiwi kuusikia wimbo. Tulitazamana. Wanawake wengine wa ukoo wanajua simu tu, na wanaume tumeshawatoa. Tukakaa hapo kama watu waliofunga mlango na ufunguo uko ndani.

Dawa niliiona kwenye kona ya chumba, gunia la pamba ya kaka yangu wa Bunda, iliyobaki msimu uliopita. Nikachambua mbegu, nikazungusha viganjani, nikamziba masikio yote mawili kama ninavyozibaga mtungi. Juu yake nikamfunga kitenge, juu ya kitenge akavaa hedifoni alizoazima kwa yule mwalimu wa Bunda, bila kuziunganisha na chochote. Nikamkalisha amenipa mgongo. Kisha nikampima. Nilimtukana mchumba wake polepole, hakugeuka. Nikamtukana kwa nguvu, nikagusa na mama yake, hakugeuka. Nikajua pamba imekaa.

Tulikuwa tumepatana hivi: nikimgusa bega aanze, nikimaliza nitamrushia punje ya mahindi mgongoni. Nikamgusa bega.

Jamani. Siku ile niliimba. Wimbo wote, na kila mahali pa kuitikia nikaacha nafasi, nikitembea hatua zangu palepale kama niko mlangoni. Kuku walinyamaza. Nilipomrushia punje ya mahindi nilikuwa nimelowa. Akasevu, akafunga, tukanywa uji, nikalala chali bila kujali rovu.

Asubuhi alitaka kuifungua aondoe mahali nilipomwambia ng'ombe alilia. Programu ikakataa. Akanisomea maandishi yaliyotokea: hii ni ya kujaribu, unaweza kutunza kazi yako humo, ila kuifungua tena mpaka ununue.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamuuliza, yaani imeumeza? Akasema haijaumeza, umo, ila haufunguki. Nikamwambia sasa huko ndiko kumeza.

Niliona moto. Ukimpa mtu ng'ombe akae naye, maziwa aliyokamua ni yake. Hata siku unamchukua ng'ombe wako, humkandi mtu tumbo atoe na maziwa. Mwizi wa kawaida anaiba chako, huyu alingoja nimpe kwa mkono wangu halafu akakalia. Nikampigia mpiga kinanda. Yeye alisikitika kweli, siyo mtu mbaya. Alisema kununua kunataka kadi ya benki na mambo ya mtandao ambayo hayawezi kuisha kabla ya Jumatatu, lakini yeye kwenye mashine yake anaweza kuufungua. Tumpelekee tu, nusu saa imekwisha.

Mjukuu akafurahi. Mimi nikauliza atajuaje kwamba umefunguka.

"Si atausikiliza kidogo, Bibi."

"Mwanaume?"

"Mstari mmoja tu."

"Mstari wa kwanza ndio una mambo yako ya choo."

Akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia, anaongea huku anachezea kitenge. Alisema, "Bibi, bora auchafue yeye kuliko nitoke hapa bila wewe kuniimbia. Mimi nitakubali kiporo."

Nilimtazama yule mtoto. Nilikuwa na Jumamosi moja. Jumapili ningepanda gari kwenda Musoma kulazwa, na Jumatatu wangenipasua. Kama ni kushindwa, nilishindwa hapo. Lakini nilimwambia kiporo chako kitaliwa na mbwa. Lete ile ya bure.

Safari hii sikukubali kuangalia sura. Nilimzungusha kama nilivyotakiwa kumzungusha yule wa kwanza. Nikamwambia mjukuu, usianze na kunionyesha inavyofanya kazi, nionyeshe inavyoharibika. Zima maiki, niimbe. Nikaimba wito wa kuku. Kwenye ile kijivu ukatokea mstari umelala chini, umenyooka kama nyoka aliyekufa. Washa. Nikaimba, mstari ukainuka ukawa vilima vilima, nikipaza ni mlima, nikinong'ona ni kichuguu. Nikaelewa. Ile ya Mwisenge taa zake zilikuwa zinacheza hata nilipokuwa kimya, na huyu wangu atakayebonyeza ana pamba masikioni. Anataka kitu kitakachomwambia ukweli machoni.

Nikasema sevu, funga, zima kompyuta kabisa. Nikaenda kisimani na ndoo, nikarudi, nikaitua. Washa sasa. Kuku wangu walikuwemo, vilima vyote. Nikauliza yule mgonga mlango yuko wapi. Akasema yupo lakini asipoitwa haji. Nikasema huyu ndiye, mwacheni na ubaya wake.

Pamba tena, kitenge tena, hedifoni tena. Mchumba akatukanwa tena, mafupi, sikuwa na nguvu. Nikamgusa bega, nikaimba toka mwanzo mpaka mwisho, nikamrushia punje. Akageuka akaniambia kwa sauti ya kuita kivuko, maana mwenye pamba hajui anavyopiga kelele, "Bibi, anza basi!"

Maiki ilikuwa imezimwa. Tulipozima kompyuta kabisa ilizimika nayo, na yeye hakuirudisha. Mstari ulikuwa umelala toka mwanzo mpaka mwisho na yeye alikuwa ananingoja kwa heshima.

Mara ya pili nilifika katikati, mahali penye jambo lake moja la utotoni, nikaona mabega yanatikisika. Nikasimama. Nikaenda mbele yake nikamwangalia usoni. Akaapa kwamba ni siafu. Nikamvua kitenge, siafu nikamkuta kweli, nikamwomba msamaha kwa ishara, nikaongeza pamba.

Mara ya tatu ndiyo ilikaa. Haikuwa ya Ijumaa. Ijumaa nilikuwa na koo la mtu aliyelala vizuri, Jumamosi nilikuwa na koo la mtu aliyegombana na mashine toka asubuhi. Sauti ilikwama mahali pawili. Jogoo naye akaingia. Mjukuu aliyaona hayo kwenye vilima vyake, akaniuliza huu mwiba uliosimama hapa ni nini. Nikamwambia jogoo. Akauliza amtoe. Nikamwambia mwache, na yeye ni wa hapa nyumbani. Akauliza na haya mabonde mawili. Nikamwambia asevu.

Akaugeuza uwe wimbo wa kawaida unaopigwa popote, akauweka kwenye flashi tatu. Moja niliiweka kwenye Biblia, moja kwenye kopo la chumvi, moja nilienda nayo hospitali kwenye sidiria mpaka nesi aliponivua.

Jumatatu wakanipasua. Nilipoamka daktari aliniambia niseme chochote. Nikasema chochote. Yeye alifurahi sana, akaita na wenzake. Mimi nilisikia trekta linawashwa asubuhi ya baridi. Alisema litapungua, na limepungua, lakini halijaondoka mpaka leo. Sauti imeshuka ikakaa mahali ambapo wanaume wanakaa. Nikibisha hodi watu wanajibu, karibu baba.

Siku ya harusi saa nane mchana spika ilikuwa mlangoni, juu ya stuli, imevikwa khanga kwa sababu wakina mama walisema haiwezi kusimama uchi mbele ya watu. Bibi mmoja mkubwa kuliko mimi alikuwa hajaambiwa habari. Akauliza huyu atakayeimba kwenye boksi amekufa lini. Wakamwonyesha mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu, halafu akasalimia spika, akaja akanisalimia na mimi.

Nilikuwa nimesimama mahali pangu, mbele ya wanawake, ninaposimamaga siku zote. Mama mmoja akanivuta mkono polepole. Alisema hapo mbele ni pa mwimbaji, na mwimbaji leo ni yule pale. Nikarudi nyuma kwa waitikiaji.

Wimbo ukaanza. Mtoto akatokea kizingitini, amevaa, masikio wazi. Nikausikia mwendo wangu, ule ambao hakuna tik tik iliyougusa, na ilipofika nafasi ya kuitikia wanawake wakaingia bila kusukumwa, kana kwamba niko mbele yao na mkono wangu umeinuka. Nikafungua mdomo niitikie nao.

Sikuwa na maneno. Miaka thelathini na kitu, mahali hapo mimi nilikuwa navuta pumzi. Nilijua wanaimba kitu, nilikuwa nakipenda, lakini hakuna siku niliyowahi kukisikiliza. Nikabaki nimeachama. Nyuma yangu mama mmoja akaninong'oneza, "Bibi, itikia. Usimwache mwenzio peke yake."

"Mnasemaje hapo?" nikamuuliza, na trekta langu likasikika mpaka kwa wanaume.

Akanitajia. Ni maneno manne tu. Nikayakosea mara mbili.

Yule wa kwenye spika alikuwa hangojei mtu, anaendelea na mambo ya watu. Akafika mahali pa zile aibu, akasema mtoto huyu, akiwa na miaka sita, alichukua kibuyu asubuhi akaenda kumkamua dume, na dume kwa mshangao akasimama akakubali. Wanaume walianguka. Bibi harusi alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka ile rangi ya machoni ikaanza kutiririka, halafu sikujua tena kama anacheka.

Ikafika pale sauti ilipokwama ile Jumamosi. Nilipajua kabla hapajafika. Yule mama wa kwenye spika akakwama. Wanawake hawakungoja nafasi yao, waliingia wote kwa pamoja wakamdaka, na mimi nikiwa mmoja wao, nimechelewa kidogo.